Shukrani kwa dada wa Mwanjelwa

Dada yangu uliyekuwa Mwanjelwa, Mbeya, Jumanne ile, ukisubiri kutolewa kopi za vyeti vyako: sikukuuliza jina, na hadi leo najilaumu. Nakushukuru hapa.

Kompyuta niliyoibeba imefungwa kwenye kanga ilikuwa na hesabu za kahawa za chama chetu cha wakulima, Mbozi: kilo za kila mzee na malipo anayodai. Umeme ulikatika wakati inaandika, MariaDB, programu ya kanzidata inayotunza hesabu hizo, ikagoma kuwaka. Fundi mmoja alishaniambia nifute yote nianze upya. Nifute jasho la watu?

Wewe ulivuta stuli. Kabla hujagusa chochote ukanakili folda nzima kwenye flashi yako. Halafu ukaandika mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, innodb_force_recovery = 1, wa kuilazimisha iwake hata kama data ina hitilafu, ukanionya nisianzie namba ya juu, maana kuanzia 4 data inaweza kuharibika zaidi. MariaDB ikaamka. Tukatoa nakala ya majedwali yote, tukayarudisha kwenye kanzidata mpya. Jina la mzee wa kwanza lilipotokea na kilo zake, machozi yalinitoka.

Nilipofungua pochi ulikataa. Ulisema programu yenyewe ni huria, ilichipuka kutoka programu nyingine ya kanzidata, MySQL, mwaka 2009, mwanzilishi wake Michael Widenius akaipa jina la binti yake Maria, na kwamba nawe ulielekezwa bure na watu usiowahi kuwaona.

Wazee wamelipwa wote. Sasa natoa nakala kila jioni, kwenye flashi mbili. Ndaga fijo, dada.