Mchango wa paa la chuo chetu cha dini, na deni letu kwa Kadhi Ahmed bin Sumeit

Assalaam alaykum wazee wetu, ndugu zetu, na watoto wa mtaa mliotawanyika Muscat, Dubai, London na kwengineko.

Masika yaliyopita tulisomesha mirathi huku sufuria tatu zimetegwa sakafuni. Kubwa kati ya hizo tuliiazima kwa jirani, ni ya pilau. Maalim anagawa fungu la mke na fungu la binti, tone linadondoka, watoto wanacheka, naye anawangoja wamalize. Hilo tungelistahamili. Lakini usiku wa pili maji yalishuka nyuma ya ukuta yakaingia kabatini. Asubuhi tulianika vitabu barazani kama watu wanaoanika dagaa. Kimoja, kitabu cha fiqhi kilichoandikwa kwa mkono, kurasa zilikuwa zimegandana. Wino mweusi ulisalimika. Ule mwekundu wa vichwa vya milango, yaani sura za kitabu, ulikimbia ukaenea ukurasa mzima.

Kabati hilo ndilo lililotuleta mlangoni kwenu. Vingi vya vitabu vyake tumevirithi kwa waliosoma kwa wanafunzi wa Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumeit, kadhi wa Unguja. Vijana wetu wanamjua kwa kaburi tu, pale Malindi kando ya Msikiti wa Ijumaa. Wanapita, wanamsomea Fatiha, wanakwenda zao kunywa urojo. Tuvumilieni basi tumtaje kidogo kabla hatujazitaja pesa.

Alizaliwa 1861 Itsandraa, kisiwani Ngazidja, Komoro. Baba yake alikuwa mtu wa Shibam, Hadhramaut ya Yemen, mfanyabiashara na mtu wa chombo, na mtoto naye akawa nahodha kabla hajawa kadhi. Sisi tunaipenda sana sehemu hii. Mtu aliyezoea kusoma nyota na kupima upepo ndiye aliyekuja kukalia mkeka wa hukumu. Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alimpa ukadhi angali kijana. Halafu, inasimuliwa, wakakosana. Katikati ya miaka ya 1880 akafunga safari mpaka Istanbul, akakaa na Sayyid Fadhl bin Alawi, Sharifu mkubwa aliyekuwa karibu na Sultan Abdulhamid II wa Dola ya Kiosmania, na akatunukiwa nishani ya dola hiyo. Akapita Misri na Makka kutafuta elimu. Alirudi Unguja 1888, mwaka aliofariki Barghash, akarejea kwenye kazi yake na kuifanya kwa zaidi ya miaka 30.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa migumu. Mwaka 1890 Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Mwingereza. Mwaka 1897 ikaja amri ya kuondoa utumwa. Mwaka 1905 ikaundwa kamisheni ya wakfu, na mali iliyokuwa ikiangaliwa na familia na misikiti ikaanza kupita kwenye meza za makarani wa serikali. Mwaka 1908 likamalizika lile jengo la mahakama la Vuga alilolichora J. H. Sinclair, lenye kuba utadhani msikiti, ndani yake jaji wa Kizungu. Majaji wa Kiingereza wakakaa juu, makadhi wakawa washauri wao katika mambo ya sharia. Kadiri miaka ilivyokwenda mipaka ya kadhi ilibanwa, hata mkononi mwake yakawa yanabaki ndoa, talaka, mirathi na madai madogo.

Tunajua suali linalokuja, kwa sababu mmoja wetu aliliuliza kikaoni: huyu si alikuwa akila mshahara wa serikali ya Mwingereza? Naam, alikuwa akila. Wengine wangeliondoka. Yeye alibaki, na sisi tunaona alifanya vyema, maana kesi ya mjane hailindwi na kadhi aliyesusa. Asiyekubaliana nasi anakaribishwa chuoni Jumatano baada ya magharibi, kahawa ipo.

Alichokosa mahakamani alikipata kwenye darsa. Hapo hakuna jaji aliyekaa juu yake. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alikuwa mwanafunzi wake na sahibu yake. Ndiye aliyefungua madrasa mtaa wa Ukutani, Unguja, na 1913 alisafiri mpaka Cape Town kuwapatanisha Waislamu wa huko waliokuwa wakigombana. Sheikh Burhan Mkelle alisoma kwake. Sheikh Al-Amin Mazrui alitoka Mombasa kuja kusoma kwake, baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanawe Kadhi Ahmed, Sayyid Omar, naye akawa kadhi mkubwa wa Unguja, akamsomesha Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye na yeye mwishowe akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Bakathir na mwalimu wake wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Sasa paa. Miaka michache nyuma tulimpa kazi fundi mmoja, akapiga saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Ulipendeza kweli, kwa mwaka mmoja. Saruji haiachi ukuta upumue, unyevu ukabaki ndani, boriti zikaoza vichwani pale zilipoingia ukutani. Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani wa Unguja, ilipoporomoka Disemba 2020 wazazi wawili walikuja siku ile ile kuwachukua watoto wao, na hatukuwa na la kuwajibu. Safari hii tumepata fundi wa chokaa, mtu mzima, asiyependa kuharakishwa.

Boriti mpya, chokaa, kubandua saruji na ujira wa mafundi ni Sh 14,800,000. Makabati mawili ya kuinuliwa kutoka sakafuni ni Sh 2,600,000. Kuvipiga picha vitabu vyote vya mkono, ukurasa kwa ukurasa, ili hata ukiharibika mmoja tusiupoteze, ni Sh 4,000,000. Jumla Sh 21,400,000. Mkononi tunazo Sh 6,150,000, nyingi zimetoka kwa wanawake wa mtaa waliouza vitumbua Ramadhani nzima. Zimebaki Sh 15,250,000.

Aliyeko Unguja amuone mweka hazina baada ya sala ya Ijumaa, atakatiwa risiti. Aliyeko mbali atume kwa jamaa yake wa mtaani amfikishie. Hesabu tutazibandika mlangoni kila mwezi, kila senti. Mwenye kutaka kuwatilia nia wazee wake waliotangulia aseme, jina litaandikwa daftarini na litatajwa siku ya hitma.

Asiye na pesa tunamhitaji pia. Chokaa imeshalowekwa shimoni na inataka kukorogwa kwa wiki kadhaa, na ngazi yetu imepungua vidato viwili. Mwenye ngazi ndefu aje nayo.