Asante sana, fundi wa Moshi

Kaka mwenye kibanda jirani na stendi ya Moshi, nakushukuru mbele za watu. Umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza kompyuta yangu yenye mpangilio wote wa muziki na fataki tunaouandaa kwa mashindano ya kimataifa kule Montreal, Kanada. Wengine walishaniambia ninunue mpya. Wewe uliahirisha kazi nyingine, ukaitoa diski, ukaipangusa taratibu, ukahamisha mafaili kwenye mashine yako. Kisha ukakaa nami usiku kuhakiki muda wa kila mlipuko, maana fataki hurushwa sekunde kadhaa kabla ya mdundo ili ipasuke angani mdundo unapogonga. Hata hela ya chai ulikataa! Mnaomfahamu, mpelekeeni kazi zenu.