Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: vipimo navyo vipimwe

Mheshimiwa Waziri,

Nafanya kazi maabara. Sampuli zinazopita mikononi mwangu zina namba tu, wenyewe siwaoni, lakini jibu ninaloandika ndilo linaloamua mgonjwa ameze nini, alazwe au arudi nyumbani. Nakuandikia kwa sababu naona tumepima dawa kwa mizani moja na vipimo kwa nyingine. Dawa mpya ikiletwa, tunauliza: imejaribiwa kwa nani, ikilinganishwa na nini, waliopona ni wangapi? Kipimo kipya kikiletwa, mara nyingi kinatosha kuwa na karatasi ya mtengenezaji na bei nafuu kwenye zabuni. Ombi langu ni moja: kisinunuliwe kipimo chochote kwa fedha za umma kabla hakijafanyiwa tathmini huru, kwa wagonjwa wa aina ileile watakaopimwa nacho.

Karatasi ya mtengenezaji husema, kwa mfano, kwamba kipimo kina usahihi wa asilimia 95, kwa wenye ugonjwa na kwa wasio nao. Naomba tupige hesabu. Tuchukue watu 10,000, na ugonjwa unaompata mtu 1 katika kila 100. Wenye ugonjwa ni 100. Kipimo kitawanasa 95 na kuwakosa 5. Wasio na ugonjwa ni 9,900. Asilimia 5 yao, yaani watu 495, wataambiwa wanaumwa. Majibu chanya yatakuwa 590, na ya kweli kati yake ni 95 tu. Hao 495 watapewa dawa wasiyoihitaji, na kilichowaleta hospitali huenda kisitafutwe tena, maana jibu limeshapatikana. Kipeleke kipimo hichohicho kwenye wodi ambayo nusu ya wagonjwa wana ugonjwa huo, na majibu chanya karibu yote yatakuwa ya kweli. Kwa hiyo asilimia 95 bila kuelezwa ilipatikana kwa watu gani haimsaidii daktari wa zamu.

Na hapo ndipo penye shida kubwa. Ni rahisi kukipamba kipimo kwa kulinganisha sampuli za watu waliozidiwa kabisa na za watu wenye afya tele. Wanaofika kwetu wako katikati: ugonjwa ndiyo kwanza unaanza, au mtu ana magonjwa mawili, au ameshameza dozi nusu kabla ya kuja. Halafu kuna mambo ya mezani. Kitepe cha kipimo cha haraka, kinachotakiwa kusomwa ndani ya dakika zilizoandikwa, kikiachwa kwa sababu foleni ni ndefu, mstari hafifu unaweza kujitokeza ukiwa umechelewa, na anayekisoma hajui auamini au asiuamini. Tathmini nzuri humtaka msomaji asijue jibu la kipimo cha rejea, yaani kile kinachoaminika zaidi na ambacho kipya kinalinganishwa nacho, na hupima kazi ikifanywa na watumishi wa kawaida, kwenye joto na msongamano wa kawaida.

Gharama ya kupuuza haya inajulikana. Kwa miaka mingi ziliuzwa katika nchi nyingi aina mbalimbali za vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili za kifua kikuu, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa huo. Mwaka 2011, baada ya kupitia tafiti zilizokuwepo, Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziache kuvitumia kutambua kifua kikuu kilicho hai, kwa kuwa vilitoa majibu ya uongo ya pande zote mbili. Wakati huo zaidi ya vipimo milioni moja vya namna hiyo vilikuwa vikifanyika kila mwaka. Nyuma ya kila jibu hasi la uongo kuna mtu aliyeendelea kukohoa katikati ya familia yake.

Kipimo kilichothibitishwa nacho kinaweza kuharibika bila kuguswa. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini ya vimelea vya malaria iitwayo HRP2. Nchini Eritrea wagonjwa walionekana kuwa na vimelea kwenye hadubini huku kitepe kikisema hawana. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba vimelea wengi walikuwa wamepoteza jeni ya protini hiyo, na nchi ikalazimika kubadili aina ya kipimo. Walioligundua hilo ni watu waliolinganisha majibu mawili na wakakataa kulipuuza lile lisilolingana. Tathmini basi haiishi siku ya kununua.

Upande wa tiba tuna somo ambalo kila mtunga mwongozo angepaswa kulisoma. Kumpa haraka mtoto aliyeishiwa nguvu za mzunguko wa damu maji mengi ya mshipa kulionekana jambo lisilohitaji mjadala. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uliwagawa kwa bahati nasibu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili hizo. Waliopewa maji kwa kasi walifariki asilimia 10.5 na 10.6 ndani ya saa 48, kutegemea aina ya maji. Ambao hawakupewa kwa kasi, asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa mapema. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa, kwa hiyo matokeo haya yasibebwe kwenda kwao. Madaktari waliokuwa wakitoa maji hayo hawakuwa wazembe. Walikuwa na nia njema na nadharia inayoeleweka. Kilichokosekana ni kundi la kulinganisha nalo.

Nitaambiwa kwamba wakati wa dharura hakuna nafasi ya utafiti. Mwaka 2020 nchini Uingereza, utafiti wa RECOVERY ulianza kuandikisha wagonjwa wa Covid-19 mwezi Machi. Kufikia Juni ulikuwa umeonyesha kwamba haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, haiwasaidii waliolazwa, na kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inapunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa takriban theluthi moja. Kilichowezesha ni kuingiza utafiti ndani ya huduma ya kila siku, kwa fomu fupi na ridhaa iliyoelezwa vizuri.

Mheshimiwa, hata kipimo sahihi hakitoshi kisipoaminiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Tanzania ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao majibu yao ya malaria yalikuwa hasi bado waliandikiwa dawa ya malaria. Mimi siwalaumu matabibu hao. Mtu aliyewahi kuletewa majibu mabovu hujifunza kufuata hisia zake. Lakini fedha ya kipimo imekwenda, na homa haijatafutiwa chanzo. Tathmini ninayoiomba ifuatilie pia kile anachofanya tabibu baada ya kupokea jibu.

Matokeo yote yachapishwe, hasa yale ya kipimo kilichoshindwa, maana muuzaji hatayatangaza na jirani yetu atakinunua kesho. Mgonjwa aliyetoa damu yake kwa ajili ya utafiti aliahidiwa kwamba itasaidia wengine. Kufungia matokeo kabatini ni kuivunja ahadi hiyo. Kamati za maadili zipewe nguvu ya kudai ripoti baada ya utafiti kwisha, kama zinavyodai ridhaa kabla haujaanza.

Kwa kuanzia, agiza iandaliwe orodha ya vipimo vyote vilivyomo bohari kuu hivi sasa, na mbele ya kila kimoja iandikwe nani alikitathmini, lini, na kwa wagonjwa gani. Palipo wazi paachwe wazi, kisha orodha ibandikwe hadharani. Sisi wa maabara tunaweza kuijaza sehemu kubwa bila kusubiri bajeti mpya.

Wako katika utumishi,

Mtaalamu wa maabara ya hospitali