Wauza maua, tuambieni ukweli kuhusu okidi

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Arusha, ukurasa wa kilimo huwa naanza nao kabla hata ya siasa, mnaandika vizuri sana habari za parachichi na nyanya na kuku ila leo naomba nafasi niongelee ua, tena ua la kufuga ndani dirishani, manake kuna jambo linaniuma na najua haliniumi peke yangu.

Mwaka juzi nilinunua okidi kwa mmoja wa hawa wanaopanga maua barabarani, ilikuwa na maua meupe tisa kwenye kikonyo kimoja, nilitoa elfu arobaini na tano na wala sikujutia. Nikamuuliza namwagilia vipi, akaniambia kama maua mengine tu mama, asubuhi na jioni. Basi nikawa namwagilia asubuhi na jioni kama nilivyoambiwa. Mwezi wa pili majani yakaanza kulegea, nikadhani kiu nikaongeza maji, yakazidi kulegea na kuwa njano. Siku nimeichomoa kwenye chungu nikakuta udongo mweusi wa samadi umeshikana kama tope na harufu mbaya, mizizi imekuwa ya kahawia, ukiushika mzizi ngozi yote inavuka inabaki mkononi halafu katikati kinabaki kiuzi chembamba kama cha kushonea. Yani ile okidi ilikuwa inakufa tangu siku niliyoinunua, ilishindiliwa udongo ambao haukuwa wake.

Okidi hizi zenye maua kama kipepeo asili yake ni misitu ya Asia ya kusini mashariki huko, na kule haioti chini, inakaa juu ya mti. Wengi tunadhani inaunyonya mti, hapana, imeegemea tu, mizizi inaning'inia hewani inasubiri mvua, ikishanyesha inafyonza halafu inakauka tena. Ndio maana mzizi mzima umevikwa ngozi nene nyeupe kama sponji. Sasa mtu ukiuzika kwenye udongo na kuumwagia maji mara mbili kwa siku hauwezi kupumua, lazima uoze.

Ile yangu niliikata mizizi yote iliyooza ikabaki mitatu. Nikaenda kwenye mashine ya mbao nikaomba magome ya paini wakanipa bure, nikayakatakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba nikachanganya na vipande vya mkaa, nikachukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani nikalitoboa pembeni na chini, nikaipanda humo. Kopo la kuonyesha ndani ni muhimu kweli kwasababu mzizi wenyewe ndo unakuambia, ukiwa na rangi ya fedha una kiu, ukiwa kijani umeshiba, muache. Mimi inatokea kama mara moja kwa wiki, kipindi cha baridi hata siku kumi zinapita. Nalitumbukiza kopo kwenye beseni la maji ya mvua robo saa hivi, natoa, nasubiri yachuruzike yaishe kabisa, nairudisha dirishani. Na maji yasituame pale katikati majani yanapochomokea, yakituama nachukua tishu nayafyonza, pale pakioza mmea ndo umekwisha.

Dirisha langu linatazama mashariki, linapata jua la asubuhi mpaka kama saa nne halafu navuta pazia la neti. Jua la mchana linababua majani yanakuwa kama yameungua pasi, lakini ukiificha kwenye kona ya sebule nayo inabaki na majani ya kijani kizito mwaka mzima bila ua hata moja. Na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba watu wanaiogopa bure, ubaridi wa usiku ndio unaoiamsha itoe kikonyo. Mwaka jana mwezi wa saba niliona kitu kinachomoza kando ya jani nikajua ni mzizi mwingine, kumbe mzizi unakuja na ncha ya mviringo, hiki kilikuwa bapa kidogo kama mkono wa mtoto uliovikwa soksi. Nilimwita mume wangu aje aone. Maua yalifunguka mwezi wa kumi yakakaa mpaka mwaka mpya umepita.

Alafu kuna hili lingine mhariri, naliona zaidi wakati wa mvua, watu wanauza okidi zilizobanduliwa msituni, ina kipande cha gome la mti bado kimeng'ang'ania kwenye mizizi. Wengine wanachimba zile za ardhini. Kule Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, wanakoita Bustani ya Mungu, hifadhi tangu 2005, kuna aina 45 za okidi, na nyanda zile viazi vya okidi, yani mizizi yake minene ya chini, vimechimbwa miaka na miaka vikavushwa Zambia kupikiwa chakula chao kinachoitwa chikanda. Okidi ya Kitulo haitakaa dirishani kwako Dar hata ukiibembeleza vipi, itakufa na kule ilikotoka patabaki shimo. Na biashara ya kuvusha okidi za porini mipakani inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, zote, sio baadhi.

Kwa hiyo ndugu zangu wauza maua naongea na nyie kwa heshima, uzeni zilizozalishwa kitaluni, msizishindilie udongo, na mteja akiuliza maji mwambieni ukweli. Mteja ambaye okidi yake imechanua mara ya pili atarudi kununua ya tatu na ya nne, mimi mwenyewe saivi ninazo tano.

Yule aliyeniuzia ya kwanza bado yupo palepale. Jumamosi nitampitia na mfuko wa magome na lile kopo langu ajionee mizizi mwenyewe.

Msomaji wenu,
Arusha