Taa ya kijani inawaka, mbona simu zinakatika?

Kuna mteja ambaye simu za ofisi yake zilikuwa zikikatika; sasa analalamika kwamba sisi mafundi wa mtandao tulimlipisha kwa kukodolea macho kompyuta. Fundi alifika asubuhi, akachomeka kebo kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha vifaa vya ofisi kwenye mtandao, akaketi mpaka alasiri, akabadilisha kitu kimoja, akaondoka. Lawama hii tunaisikia kila mara: taa inawaka, intaneti inafunguka, sasa mlikuwa mnatazama nini?

Tulikuwa tunatazama pakiti, vile vipande vidogo vya data vinavyopita kwenye mtandao. Kwenye simu za IP, yaani zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, zinazotumia kodeki ya G.711 (njia mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data), kwa kawaida kila upande hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja na milisekunde 20 za sauti. Barua pepe ikipoteza pakiti, hutumwa tena na wewe hujui. Sauti haina subira hiyo. Pakiti iliyopotea imepotea, na iliyochelewa mno hutupwa. Taa ya kijani haisemi lolote kuhusu hayo; inasema tu kwamba vifaa viwili vimeunganika.

Kwa mteja huyu, mtu fulani alikuwa ameilazimisha poti ya swichi (tundu la kebo) kwenye dupleksi kamili ya megabiti 100, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, huku mtambo unaoendesha simu za ofisi ukiachwa uchague wenyewe. Hapo mtambo hukosa wa kukubaliana naye na kuangukia nusu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Simu zikiwa chache, kila kitu shwari. Kuanzia saa nne, ofisi ilipochangamka, makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) yakaanza kupanda upande wa swichi, na migongano ya kuchelewa (data kugongana ilhali kutuma kumeshaanza kitambo) upande wa mtambo. Tuliiambia swichi itupe nakala ya kila kinachopita kwenye poti ile, tukaona mapengo ya sauti yakija pamoja na makosa hayo. Kurekebisha ni dakika chache. Kujua cha kurekebisha ndiyo kazi iliyolipiwa, nasi hatuoni haya kuilipisha.

Kinachopandisha bili ni kuzima na kuwasha. Simu zikikwama, mtu anachomoa swichi na mtambo, mambo yanatulia, halafu anatuita. Tunakuta kaunta zote za makosa ziko sifuri na kumbukumbu za poti iliyokuwa ikidondoka na kurudi zimefutika. Inabidi tukae tungoje tatizo lirudi, na saa hizo za kungoja ni zako.

Wengine hukimbilia kununua intaneti kubwa zaidi. Simu moja ya G.711 haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Simu 10 hazijazi megabiti moja. Mteja mwingine alipandisha kifurushi na sauti ikaendelea kukatika, kwa sababu seva yake ilikuwa ikipakia nakala za mafaili mchana na kuziba njia ya kutokea. Pakiti za sauti zilikuwa zikipanga foleni nyuma ya mafaili. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Pale ulikuwa ukipita hapo mara kwa mara. Tulizipa pakiti za sauti kipaumbele, alama ya DSCP 46 inayoonyesha kwamba zipitishwe kwanza, na kuhamishia upakiaji usiku. Kifurushi cha zamani kingetosha kabisa.

Kwa hiyo simu zikianza kukatika, msichomoe chochote. Andikeni saa kamili, ekstensheni (namba ya simu ya ndani) iliyoathirika, na nani hakumsikia nani, kisha tupigieni hapo hapo.