Somo, huyo kijana msimfukuze kwanza

Somo yangu,

Habari za hapo Tabora, shemeji na wanangu hawajambo? Sisi huku Ujiji wazima, dagaa tu ndo wamepanda bei mpaka mtu unaogopa kwenda Kibirizi. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, nikaona nikikujibu kwa voisi ntalia, bora niandike.

Umesema kijana wako wa stoo kaweka kwenye stetasi "tarehe 9 leo, tunakula ugali na matumaini", mtu kapiga skrinshoti kampelekea bosi, na we kama meneja umeambiwa Jumatatu umkabidhi barua ya kuachishwa. Unaniuliza mi naonaje. Somo, mi naona hapana, na sisemi hivo kwa sababu namuonea huruma tu.

Unamkumbuka mdogo wangu alokuwa mapokezi kwenye gesti moja hapa mjini? Sikuwahi kukusimulia vizuri. Ilikuwa harusi ya binamu yetu, Jumamosi, siku yake ya kupumzika, kajifunga khanga kiunoni kacheza kama tunavyocheza sote, shangazi akamrekodi, mdogo wangu mwenyewe akaiweka video stetasi, basi. Mwenzake wa kazini aliyekuwa na namba yake akaichukua akamuonesha mwenye gesti. Jumapili usiku akapigiwa simu asirudi, eti wageni wa heshima watatuonaje. Mwaka na miezi minne kafua mashuka ya watu pale, kaamka alfajiri kupokea abiria wa treni, hakuna aliyemuita hata kumuuliza, hakuna barua, hakuna kitu. Alikaa ndani akaifuta ile video na picha zake zote, mpaka za mtoto, kama mtu aliyeiba.

Na sisi kwa kutojua tukakaa tunabembeleza, mama akaenda kuomba msamaha, mjomba akaenda, tukaja kushtuka miezi miwili imepita. Ndo msaidizi wa kisheria wa mtaani akatuambia malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, ukichelewa inabidi kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya maana. Mdogo wangu akasema basi, kachoka. Hiyo mpaka leo inaniuma Somo, maana mi ndo nilisema tusubiri bosi apoe.

Kwa hiyo haya nayokwambia nimeyajua kwa machungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, na anayetakiwa kuthibitisha ni mwajiri sio kijana. Kanuni za 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumfukuza mtu mpaka ionekane ni zito kiasi kwamba hamuwezi kuendelea kufanya kazi pamoja. Afu anatakiwa apewe tuhuma zake na angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha kumsikiliza, aje na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Ila angalia kafanya kazi mda gani hapo, maana aliye chini ya miezi 6 ile kinga ya kuachishwa isivyo haki haimfikii.

Sisemi mtu aposti chochote. Nesi akimpiga picha mgonjwa akairusha, au kijana wako angeweka madeni ya wateja kwa majina na namba zao, hapo hata mi ningekwambia chukua hatua, hiyo ni kazi yenyewe imeharibiwa na kuna watu wameumizwa. Lakini huyu kamuumiza nani? Duka hakulitaja, bosi hakumtaja. Na mshahara ulikuwa umetoka, Somo? Kama ulikuwa haujatoka basi kasema kweli, na mtu anafukuzwa kwa kuwa na njaa hadharani.

Nilisoma habari ya dada mmoja wa mambo ya mawasiliano huko Marekani, 2013, alitwiti utani mbaya kuhusu Afrika na ukimwi akapanda ndege London kwenda Cape Town, wafuasi wake walikuwa kama 170 tu, ndege iko angani masaa 11 dunia nzima inamtukana, kesho yake kazi hana. Maneno yale yalikuwa mabaya kweli na kazi yake ilikuwa kuongea na watu kwa niaba ya kampuni, siwezi kumtetea. Kilichonikaa ni kwamba watu walishamaliza kumhukumu kabla hajashuka, kama mdogo wangu na ile simu ya Jumapili.

Najua we uko katikati, ukigoma bosi atakugeukia na una ada za shule. Basi usigome, mwambie bosi tu kwamba bila kikao anaweza kuburuzwa CMA, hilo atalisikia. Muite kijana mkae wawili kabla ya yote, muulize alikuwa anapitia nini siku ile. Na kama hiyo barua ishachapwa usiisaini mpaka tuongee, nipigie Jumapili jioni, ntakuwa nimetoka shamba.

Dagaa kiroba kimoja na mawese lita tano nimempa mtu anakuja na treni, mpokee stesheni.

Somo wako,
Ujiji