Kaka, lile neno halikuwa na sentensi

Kaka yangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo, mara ya pili nikiwa nimeketi kitandani na viatu sijavua. Unataka nimwandalie binti yako orodha ya maneno ya Kiingereza pamoja na maana zake, hamsini kwa siku, ili likizo ikiisha awe ameyahifadhi yote. Umeomba kana kwamba tuliagana vizuri, na kana kwamba si wewe uliyenifundisha kuwa orodha ya namna hiyo haina faida.

Unalikumbuka daftari: safu ya kwanza neno, ya pili maana, na ya tatu, iliyokuwa pana kuliko zote, sentensi niliyoitunga mwenyewe, na ole wangu ninakili ile ya kamusi. Jumamosi tulikuwa tukitoka Jericho kwa miguu hadi maktaba ya Kaloleni, nawe njiani ukinisimulia habari za Hornby, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza nchini Japani, ambaye kamusi yake ya wanafunzi ilichapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa mwaka 1948. Ulisema mtu huyo alitambua kwamba mgeni wa lugha hatosheki na maana. Lazima aonyeshwe neno linakaa na maneno gani. Mimi sikukuelewa hadi siku nilipoandika "hear", kusikia, kisha kwa fahari nikatunga: "I hear a bad smell." Ulicheka hadi ukaketi kwenye ngazi. Baada ya kicheko ulinieleza kwa upole kwamba sisi husikia sauti, harufu, njaa na hata baridi, ilhali sikio la Mwingereza halina kazi na harufu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kuazima: kwetu mwenye kalamu na asiye na kalamu wanatumia kitenzi kimoja, nao wana "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea, na ndiyo sababu wanafunzi wangu hadi leo huniambia "Borrow me your pen." Kazi utaifanya kwa "do", kosa utalifanya kwa "make", na safu ya maana, hata ukiiandika kwa wino wa dhahabu, haitakufumbulia hilo.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani siku tuliyomzika Baba pale Lang'ata. Wewe ndiye uliyeamua kwamba wasifu wake usomwe kwa Kiingereza, kwa kuwa wenzako wa kazini wangekuja, ingawa Baba hakupata kusema nasi Kiingereza hata alipokasirika. Nilikuwa sijalala kwa usiku wa pili. Nilisimama, karatasi ikipeperushwa na upepo, nikaanza: "Our father is late." Nawe, ukiwa hatua moja tu kutoka kwenye kipaza sauti, ukasema, "Late for what?" Wenzako wakacheka. Shangazi, ambaye Kiingereza hakijui, akacheka pia kwa sababu aliona watu wanacheka, kisha akajifunika uso kwa leso. Nilisoma kurasa mbili zilizobaki bila kuyaona maneno.

Kanuni ninaijua, usinieleze. Katika Kiingereza cha vitabu, "late" lenye maana ya marehemu hutangulia nomino, "my late father". Ukiliweka baada ya kitenzi, Mwingereza atadhani Baba amekwama kwenye msongamano wa magari. Lakini hapa Nairobi sentensi kama yangu utaisikia matangani, na waombolezaji huinamisha vichwa bila kuuliza marehemu amechelewa wapi. Tena Baba huyo hakuchelewa mahali popote maishani mwake.

Jioni ile nilipekua daftari. Neno lipo, kwa mwandiko wangu: aliyechelewa, marehemu. Katika safu ya tatu nimeandika "The bus was late," na kando yake ipo tiki yako nyekundu. Maana ya pili haikutungiwa sentensi, nawe uliipitisha. Sisemi kwamba kosa ni lako. Nasema tu kwamba tiki ni yako.

Kuhusu mtoto, hamsini ni mengi mno. Mpe kumi, ayarudie kesho yake, kisha siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kwa maana tangu mwaka 1885 Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunayoyahifadhi huanza kututoka mapema sana. Aanze na maneno yanayotumika kila siku. West, mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, alichapisha orodha ya kama 2,000 ya namna hiyo mwaka 1953, na mtoto aliyeyamiliki hayo atatambua sehemu kubwa ya maneno katika ukurasa wa kawaida. Neno lenye maana mbili lipate sentensi mbili. Sentensi ziwe za maisha yake: jirani yao, mvua ya Ruaka, paka wao. Akikosea, mcheke mkiwa nyumbani, kama ulivyonicheka kwenye ngazi. Mimi mwanafunzi simcheki mbele ya wenzake, na hilo silo nililojifunza kwako.

Wanaosema kwamba nimekuwekea kinyongo hawanijui. Simu zako sikuzipokea kwa sababu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Ubatizo nao uliangukia wiki hiyo hiyo ya mitihani, unaweza kuuliza. Ni kweli mitihani huisha, lakini nawe huwezi kusema kwamba ulipiga simu ili kuzungumzia siku ile ya Lang'ata. Uliacha ujumbe kuhusu kodi ya shamba.

Daftari sitakupa. Mlete mtoto Jumamosi baada ya saa nane, kwa kuwa asubuhi ninafua, nami ni shangazi yake hata sisi wawili tukinuniana. Aje na kalamu yake. Zangu zimeazimwa zote.